Bagamoyo Nina Siti, Mbagala Nina Kazi

Ukikaa Bagamoyo na kufanya kazi Dar es Salaam, watu wana maswali mawili kwako. La kwanza, "Hivi huchoki?" La pili, "Si uhamie tu mjini?" Miaka yote nimeyajibu kwa kucheka, na aliyeuliza naye anacheka, yanaishia hapo. Mwaka huu imebidi niyajibu kwa maneno. Zahanati ninayofanya kazi imefungua tawi Mbagala, na mimi ni mmoja wa wanaotakiwa kwenda kulianzisha. Niko maabara. Malaria, sukari, mkojo, choo, hayo ndiyo mambo yangu ya kila siku, na saa moja na nusu asubuhi natakiwa niwe nimeshavaa koti, maana wagonjwa wa sukari wanakuja hawajala na njaa yao haina subira.

Mgeni ataona ni jambo dogo: natoka Kijitonyama naenda Mbagala, zote Dar. Mwenyeji anajua hiyo ni safari. Dar imekaa juu ya barabara nne. Bagamoyo inapanda kaskazini, Morogoro inakwenda magharibi, Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, inakwenda uwanja wa ndege hadi Gongo la Mboto, na Kilwa inashuka kusini kwenda Mbagala. Ziko nyingine za kukatiza, kama Mandela na Sam Nujoma, lakini mtu wa Dar maisha yake yote yamening'inia kwenye mojawapo ya hizo nne. Ukimuuliza anakaa wapi atakutajia mtaa. Wewe muulize anatumia barabara gani, ndipo utajua anaamka saa ngapi. Ninao wafanyakazi wenzangu waliozaliwa Tegeta ambao Mbagala wameifikia kwa ajili ya msiba tu.

Na watu wanazidi kumiminika. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na ukisimama Mwenge saa kumi na mbili jioni utaapa wote wanakwenda Tegeta.

Sasa niseme kwa nini nimedumu Bagamoyo muda wote huu, kwa sababu wengi wanadhani ni ushamba, au mapenzi ya bahari, au mama. Mama yumo, nitamfikia. Sababu ya kwanza ni siti.

Magari ya Bagamoyo yanapakia stendi, na anayepanda stendi anakaa. Kabla ya saa kumi na moja alfajiri konda ameshaanza kuita Makumbusho, Makumbusho. Naingia kwenye Coaster, nashika siti ya dirishani, najifunika mtandio usoni, na Kiromo mara nyingi inanipita nimeshalala. Nyuma kabisa kuna akina mama na ndoo zao za samaki wa jana jioni wanaopelekwa mjini. Barafu inayeyuka, maji yanafuata sakafu kuja mbele kila dereva akishika breki, kwa hiyo unapolala unahakikisha miguu iko juu ya kile chuma cha siti ya mbele na mkoba uko mapajani. Ukisahau mkoba chini, siku nzima maabara watakuuliza umepika nini.

Gari likifika Kerege limejaa. Mapinga watu wanaligombania, na walioingia wanasimama shingo wameinamisha hadi Tegeta, wengine hadi Mwenge. Hebu tazama hesabu hii. Anayepanda Mapinga yuko karibu na jiji kuliko mimi kwa kilomita nyingi. Nauli yake ni ndogo kuliko yangu. Kiwanja chake kilimgharimu zaidi kwa sababu ya huo ukaribu. Na anafika kazini amesimama njia nzima, wakati mimi niliyetoka mbali kuliko yeye ninashuka Makumbusho nimeshapata usingizi wa pili, natembea kwa miguu hadi kazini.

Wakazi wa Dar wenyewe wanaijua siri hii. Ndiyo maana kuna watu wa kugeuza. Mtu yuko kituo cha katikati, magari yanapita yamejaa, anachoka, anapanda lile linalorudi mwanzo wa ruti, analipa nauli ya kurudi nyuma, anageuka nalo ili aje amekaa. Kabla ya mabasi ya mwendokasi kuanza mwaka 2016 huko barabara ya Morogoro, mtu wa Ubungo kugeuzia Kimara lilikuwa jambo la kawaida, na hata mwendokasi wenyewe ulipokuja, watu wakatafuta namna ya kugeuza nao.

Kwa hiyo msimamo wangu kuhusu kukaa mji mkubwa uko hivi, na nimeubishania kwenye vibaraza vingi: kaa mwanzo wa ruti, au kaa mahali unapoweza kutembea hadi kazini. Katikati waachie wenye magari yao, wakae kwenye foleni na kiyoyozi.

Kaka yangu hakubali. Yeye ana kiwanja Mapinga, alinunua zamani kidogo, na kila tukikutana ananiambia mji unakuja wenyewe, wewe kaa tu uusubiri. Kwa upande mmoja ana haki. Serikali ilipoanza ule mradi wa viwanja 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, Bunju na Mbweni zilikuwa mashamba ya mikorosho machoni petu. Leo Bunju ni mjini, ina benki, ina foleni yake yenyewe. Baadaye ikaja habari ya bandari ya Bagamoyo, mkataba wa mwanzo na Wachina ukasainiwa 2013, na kuanzia hapo Zinga na Mlingotini kila mwenye miguu akawa dalali wa ardhi. Mwaka 2019 mazungumzo yakasimama. Bei za viwanja, kwa ninavyoona, hazikupata taarifa hiyo. Hadi leo mtu anakuuzia pori huku akikuonyesha kwa kidole meli zitakapotia nanga.

Ila mji unapokuja hauanzi na hospitali wala maji. Unaanza na foleni. Kaka anajua, maana siku hizi naye anaamka saa kumi, na siti hana.

Sisi watu wa Bagamoyo tuna historia ya ajabu na Dar. Mjerumani alipoanza kutawala pwani hii aliweka makao yake hapa kwetu. Akakaa, akatazama bahari, akaona maji ya pwani yetu ni mafupi mno, meli zake kubwa zinabaki mbali kwenye kina. Mwaka 1891 akabeba mafaili akahamia Dar es Salaam. Kwa hiyo nikisikia mtu ananisihi nihamie Dar kwa sababu ya kazi, najiambia hata serikali ilishindwa kuvumilia. Hata majina tumegawana. Bagamoyo kuna Magomeni na kuna Kisutu, na Dar kuna Magomeni na kuna Kisutu. Ukimwambia dereva bodaboda wa kule mjini kwamba umelala Magomeni ukaamka saa kumi kuwahi kazini Kijitonyama, anakuona umerogwa.

Lakini nisiwafiche. Asubuhi inanipendelea, jioni hainijui. Makumbusho nako ni mwanzo wa ruti, siti ipo ukivumilia mstari, shida ni njia. Barabara imechimbwa kwa ajili ya mwendokasi awamu ya nne, na kutoka Mwenge hadi Tegeta unaweza kumaliza simu zote ulizokuwa unakwepa kupiga. Nafika nyumbani mama ameshaswali Isha na chakula changu kimefunikwa kawa. Ramadhani ndiyo inayoumiza zaidi. Adhana ya Magharibi inatukuta barabarani, mara Boko, mara Bunju, na hapo utaona gari zima linakuwa ndugu. Mtu anatoa tende kwenye mfuko anapitisha nyuma, mwingine anapasua chupa ya maji, na konda asiyefunga anazima muziki bila kuambiwa. Ni kitu kizuri sana kukiona. Lakini ukifuturu ndani ya gari mwezi mzima, na mama anafuturu peke yake mwezi mzima, unaanza kujiuliza huyo anayekaa Bagamoyo ni nani hasa.

Basi Mbagala ikaja kuvuruga kila kitu. Ile ruti iliyokuwa na nyumba yangu upande mmoja na kazi yangu upande wa pili ikafa. Kushuka Makumbusho na kuanza kutafuta gari la pili la kuvuka jiji zima hadi Mbagala, halafu niwe nimevaa koti saa moja na nusu, ingebidi nitoke nyumbani saa ambayo hata madereva wa Coaster bado wako kitandani. Nilijaribu kuipanga kwa karatasi. Hata karatasi ilikataa.

Wa kwanza kuleta suluhisho alikuwa mama. "Mwanangu, kwani mama yako mkubwa si yuko Kizuiani? Unahangaika nini?"

Kweli, mama mkubwa yuko Mbagala Kizuiani, ana nyumba yake, watoto wameshaoa na kuolewa, chumba kipo. Nilikwenda kumsalimia, na kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Marahaba, chumba nimeshakufagilia." Walikuwa wameshazungumza kwenye simu, dada na dada.

Hapa nataka nikae kidogo, maana naona vijana wa siku hizi wanaandika habari ya kuhamia Dar kama vile kila mtu anaanza na dalali. Wengi wetu tunaanza na ndugu. Nusu ya watu ninaowafahamu Dar walifikia kwa shangazi, kwa baba mdogo, kwa mtu aliyesoma na baba. Na kukaa kwa ndugu hulipi kodi, ila unalipa vingine. Unalipa kwa kuamka kabla ya wenyeji. Unalipa kwa kujua kwamba nyama ya mwisho kwenye bakuli haina mwenyewe lakini si yako. Ukichelewa unaeleza, ukiwahi unaulizwa kama umefukuzwa kazi. Mshahara ukitoka, unanunua mchele kilo kumi bila kuambiwa, na siku ukisahau hakuna atakayesema neno, ila utalisikia kwenye ukimya. Mama mkubwa nampenda, na yeye ananipenda, ndiyo maana nikaogopa. Nimeona mapenzi ya namna hii yakiishia kwenye kikao cha ukoo kwa sababu ya sufuria.

Na mimi ni mtu mzima. Kwa mama mkubwa nitakuwa mtoto tena, tena mtoto wa maabara, anayeamshwa usiku na majirani waje kuonyesha vyeti vyao vya vipimo.

Nikamwambia kwa adabu kwamba nitakuja kula kwake kila Jumatano, lakini nitapanga chumba. Akanyamaza. Halafu akasema, "Haya. Ila usipange bondeni." Hilo ndilo neno la maana kuliko yote niliyoambiwa katika mchakato huu wote.

Nikaingia mikononi mwa dalali. Kijana mchangamfu, simu mbili, anatembea mbele yako kwa kasi ili usipate muda wa kutazama mtaa. Utaratibu mnaujua. Kuna hela ya kuonyeshwa nyumba, unalipa upende usipende. Ukichukua chumba, kodi ya mwezi mmoja ni ya dalali. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, na ukibahatika kumpata wa miezi mitatu unamwombea dua. Kila mara tunasikia kwamba kudai kodi ya miezi mingi kutakoma. Bado haijakoma.

"Dada, hii ni master, maji ndani, fensi, na parking ipo."

"Mimi sina gari."

"Ya wageni wako, dada."

Chumba hicho cha kwanza kilikuwa kizuri, na pazia refu kupita dirisha. Nikalivuta. Nyuma yake ukutani kulikuwa na ufa unaopanda kutoka kona ya dirisha hadi darini, umezibwa kwa saruji ya rangi tofauti. Mwenye nyumba, bibi mmoja mtaratibu, hakubabaika hata kidogo. "Huo wa mabomu mwanangu. Tangu 2009. Haujaongezeka." Alimaanisha milipuko ya ghala la silaha la kambi ya Mbagala, Aprili mwaka ule, iliyobomoa nyumba nyingi za upande huo. Nilimpenda kwa kusema kweli. Chumba sikukichukua, ila bado namkumbuka.

Cha pili kilikuwa na bomba jikoni, linang'aa. Nikalifungua likatoa pumzi, likakohoa, likanyamaza. Dalali akasema leo tu. Hapo sikumuuliza yeye tena, nilitoka nje. Ukitaka kujua habari za maji ya mtaa, tazama vijana wa matoroli ya madumu. Wakiwa wengi na wanaitwa kwa majina, ujue wameajiriwa na mtaa mzima na maji ya bomba ni mgeni. Mtaa ule walikuwa wanasalimiana na kila mlango. Na mimi kama mtu wa Bagamoyo nina uchungu wangu hapa, kwa sababu mtambo wa Ruvu Chini, unaozalisha hadi lita milioni 270 kwa siku kwa ajili ya Dar, uko wilayani kwetu. Maji yanapita kwetu kwenda mjini. Ule mgao wa Oktoba 2022, mto ulipopungua, ndipo wengi wa mjini walipojua kwamba bomba lao lina mto nyuma yake.

Cha tatu ndicho kilichonirudisha kwa maneno ya mama mkubwa. Kulikuwa kushuka kidogo, upande wa mto, nyumba imetulia, ina kivuli, bei nafuu hadi nikashangaa. Rangi ya ukuta ilikuwa mpya. Nikaingia ndani, nako mpya. Nikaja kugundua kwamba upya wenyewe unaishia magotini. Kuta zote, nje na ndani, kuanzia sakafuni hadi magotini ni rangi ya juzi, kutoka hapo kwenda juu ni rangi ya miaka. Nikamuuliza dalali mbona hivyo. Akasema ni mapambo.

Desemba 2011 Dar ilipofurika, watu wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande, huko juu ya Bunju. Wakapewa viwanja mbali na kila kitu walichokuwa wanakitegemea. Nawafahamu waliorudi bondeni, na siwalaumu. Pale karibu na Kariakoo mtu anakwenda kibaruani kwa miguu, Mabwepande anahitaji nauli ambayo kibarua chenyewe hakiilipi. Lakini mimi ninayechagua, mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi, sina kisingizio cha kulala bondeni. Anayetafuta chumba Dar kiangazi na akasaini kiangazi, hajaona chumba. Aje masika, au walau aulize muuza genge wa jirani mvua za mwisho alifungua saa ngapi.

Katikati ya kuzunguka huko wenzangu wakanipa mawazo mengine. Mmoja akasema Kigamboni, kuna hewa, kuna ufukwe, na tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe 2016 hakuna tena kuililia pantoni. Ni kweli, na kutoka upande wa daraja hadi barabara ya Kilwa si mbali. Lakini Kigamboni maisha yako yana mlango, na ufunguo huna wewe. Daraja linalipiwa, pantoni ikiharibika kila mtu anakwenda darajani. Nimekulia pembeni ya bahari, sina haja ya kuikodi.

Mwingine akauliza kwani lazima iwe Dar? Shangazi yangu yuko Tanga, Ngamiani, kule ambako mitaa ina namba na mtu anakuelekeza barabara ya nane, barabara ya kumi na moja, hupotei. Tanga nayo ni jiji tangu 2005. Nikienda kwake naona watu wazima wenye kazi zao wanarudi nyumbani kula mchana kwa baiskeli, wanalala kidogo, wanarudi ofisini. Kwa mtu wa barabara ya Bagamoyo hilo ni jambo la kutoa machozi. Ningehamia Tanga kesho kama maabara yangu ingehamia Tanga kesho. Shangazi anasema bomba la mafuta linalokuja Chongoleani litaleta kila kitu. Nikamwambia hata sisi tulikuwa na bandari.

Mwisho nilipata Rangi Tatu, hapo hapo Mbagala. Chumba na sebule, choo na bafu nje tunachangia wapangaji watatu, LUKU moja ya wote, na ugomvi wa nani ana friji umeshawekewa utaratibu kabla sijafika: mwenye friji anaongeza. Laki moja kwa mwezi. Bomba la uani linatoka usiku, watu wanajaza mapipa. Ukuta una rangi moja kutoka chini hadi juu, nimeupapasa. Kazini natembea. Na Rangi Tatu ni mwanzo wa ruti, kwa hiyo hata siku nikitakiwa Kijitonyama kwa kikao nitakwenda nimekaa. Ile njia ya zege ya mwendokasi wa Kilwa ilikaa muda mrefu imekamilika inasubiri mabasi, watoto wakachezea mpira. Nyumba nisingeichagua kwa ajili ya mwendokasi, mimi si mtu wa kupanga maisha kwa ahadi ya barabara. Waliokuwa wamejenga kandokando ya Morogoro, Kimara hadi Kiluvya, waliona mwaka 2017 barabara inavyoweza kukujia hadi sebuleni.

Lililobaki ni mama, na hili halina dalali.

Nilimwambia tuhame wote. Akaniangalia akaendelea kupepeta mchele. "Nihamie Mbagala nimfuate nani?" Si maringo. Mama yuko kwenye chama cha kuzikana tangu mimi nasoma shule ya msingi. Kila nyumba ya mtaa wetu ameshakaa kwenye mkeka wake. Msiba ukitokea asubuhi kwetu, maziko ni baada ya Adhuhuri au Alasiri, hakungojwi mtu aliyeko kwenye foleni. Yeye anapika, anaosha, anakaa siku tatu. Hiyo ndiyo akiba yake, ameiweka miaka na miaka, na haihamishiki kwenda tawi jingine. Akihamia Rangi Tatu anaanza upya kutambulishwa, kwa umri wake, kwa watu wanaohama kila miezi sita.

Na mimi je? Nikiwa Mbagala katikati ya wiki, jirani akifa Jumatano Bagamoyo, nitafika watu wanakunja mikeka. Kwetu watu hawasemi, wanahesabu. Nimemwambia mama atakuwa ananiwakilisha. Akasema kuwakilishwa ni kwa walioko Marekani.

Tumefikia hapa. Jumatatu hadi Ijumaa Rangi Tatu. Ijumaa jioni navuka jiji, nafika Makumbusho, napanga mstari wangu, naenda nyumbani, Jumapili baada ya Alasiri narudi. Mdogo wetu wa mwisho, anayesoma, atalala kwa mama. Kazini nimeomba zamu za Jumamosi nipewe moja ndiyo moja hapana, mkuu wa tawi hajajibu, amesema tuone kwanza wagonjwa watakuja wangapi. Nauli mbili kubwa kwa wiki badala ya kila siku, kodi juu yake, na sufuria mbili za kila kitu. Kwa hesabu ya fedha napoteza kidogo. Kwa hesabu ya usingizi napata, na siku mbili za mwisho wa wiki mama ataniona uso mchana, kitu ambacho nilipokuwa nalala kwake kila siku hakukipata.

Kaka anasema nimechagua kukaa sehemu mbili kwa sababu nimeshindwa kuchagua moja. Nimemwambia anisalimie kina Mapinga waliosimama.

Mkataba bado sijausaini. Mama amesema hakuna kulipa laki sita kabla hajaja mwenyewe Jumamosi kuona choo, kuona mwenye nyumba ana macho gani, na kumpitia dada yake Kizuiani amwulize habari za mtaa ule. Nimempigia dalali kumwambia tunakuja wawili. Akauliza kama mama naye atalipia hela ya kuonyeshwa. Nikampa mama simu.